Yadi 12 za kaliko: kisa cha askari wawili walioiba ili wakamatwe, Sydney 1826

Mwanafunzi akiniuliza wizi mdogo ulikuwa na uzito gani katika koloni la Waingereza la karne ya 19, simpi orodha ya sheria. Ninamsimulia kisa cha yadi 12 za kaliko, kitambaa cha pamba. Ulikuwa wizi wa mchana, wa mali isiyo na thamani kubwa, na walioiba hawakuwa na haja na mali yenyewe. Miezi miwili na wiki moja baadaye mmoja wao alikuwa amekufa. Miaka tisa baadaye kisa chao kilikuwa mezani katika Bunge la Uingereza.

Majina ya askari hao wawili, ya mwenye duka na ya kikosi chao nimeyaacha nje. Nitawaita Askari wa Kwanza na Askari wa Pili. Gavana, Jaji Mkuu na wahariri wa magazeti nimewataja, kwa sababu waliyoyafanya waliyafanya kwa vyeo vyao na mbele za watu.

Usuli: mji wa wezi na walinzi wao

New South Wales, koloni la Uingereza huko Australia ambalo makao yake makuu yalikuwa Sydney, ilianzishwa Januari 1788 kama koloni la wafungwa. Uingereza ya zama hizo ilikuwa na makosa zaidi ya 200 yaliyoweza kumfikisha mtu kitanzini, na mengi yalihusu mali: kuvunja nyumba usiku, kuiba dukani, kuiba kondoo, kuiba farasi. Kumnyonga mtu kwa kila wizi kulikuwa kumeanza kuwashinda hata majaji wenyewe, kwa hiyo wengi waliokutwa na hatia walisafirishwa ng'ambo ya bahari kwa miaka 7, miaka 14 au maisha. Mpaka safari hizo zilipokoma mwaka 1868, watu wapatao 160,000 walikuwa wamepelekwa Australia, na wengi wao kosa lao lilikuwa wizi wa namna moja au nyingine.

Sensa ya Novemba 1828 ilihesabu watu wapatao 36,600 katika koloni zima. Waaborijini, wenye nchi, hawakuhesabiwa. Kati ya waliohesabiwa, zaidi ya wawili katika kila watano walikuwa wafungwa ambao bado wanatumikia adhabu, na wengi wa waliobaki walikuwa wafungwa waliokwisha kumaliza au watoto wao. Mji wa namna hiyo hauwezi kuzungumza juu ya mwizi kama mtu wa mbali. Mwizi ndiye fundi anayejenga nyumba yako, ndiye mpishi, ndiye karani anayeandika barua zako.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa leo hulipita bila kuliona. Mfungwa wa Sydney kwa kawaida hakukaa nyuma ya kuta. Aligawiwa kwa bwana, akamfanyia kazi shambani au nyumbani, akalishwa na kuvishwa. Akiwa na mwenendo mzuri kwa miaka kadhaa alipewa cheti cha ruhusa, akajitafutia kazi ya mshahara kabla hata adhabu haijaisha. Muda wake ukiisha alikuwa huru, na wapo waliotajirika kupita waliowaleta. Mary Reibey aliletwa akiwa binti mdogo, baada ya kuhukumiwa kwa wizi wa farasi akiwa na miaka 13. Benki ya kwanza ya koloni ilipofunguliwa mwaka 1817, ilianzia katika nyumba yake. Samuel Terry aliletwa kwa wizi wa soksi, akafa akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa New South Wales. Majina hayo yalijulikana na kila mtu mitaani, na walinzi wa wafungwa waliyajua pia.

Walinzi hao walikuwa askari wa jeshi la Mfalme. Askari wa kawaida alilipwa shilingi moja kwa siku, na kabla haijamfikia mkononi ilikatwa kwa chakula na vifaa. Alichapwa kwa makosa ambayo raia angekaripiwa tu. Kikosi kikimaliza zamu Sydney, kituo kilichofuata aghalabu kilikuwa India, na askari walijua ni wangapi huko hufa kwa homa kabla ya kuona vita. Hakuwa na njia rahisi ya kutoka jeshini. Alisimama juani na bunduki akimlinda mwizi ambaye baada ya miaka 7 angekuwa mtu huru, labda mwenye duka lake, na yeye bado amesimama palepale na bunduki ileile.

Kwa hiyo mwaka 1826 kulikuwa na minong'ono kambini. Walikuwapo askari waliojikata na kujiumiza makusudi ili waonekane hawafai. Wengine wakafikiri njia fupi zaidi: iba kitu, ukutwe na hatia, uvuliwe sare. Ukishakuwa mfungwa, jeshi halikutaki tena.

Kilichotokea

Tarehe 20 Septemba 1826 askari wawili waliingia katika duka la nguo mjini Sydney, wakachukua yadi 12 za kaliko. Hawakuvunja mlango, hawakungoja usiku, hawakujificha. Yadi 12 ni kama mita 11, kitambaa cha pamba cha kawaida kabisa. Wasomaji wa pwani yetu wanakijua: ni jamaa ya merikani iliyokuja kutawala soko la Unguja miaka michache baadaye. Walikamatwa kama walivyotaka.

Mwezi Novemba walifikishwa mahakamani. Ushahidi ulikuwa wazi na hukumu ikawa wazi vilevile: miaka 7 katika kambi ya adhabu, yaani mojawapo ya vituo vya mbali vya pwani ambako koloni lilipeleka wafungwa walioiba tena baada ya kuletwa. Hapo tayari hesabu ya askari wale ilikuwa imeanza kwenda kombo. Wao walikuwa wamewatazama wafungwa wa mjini, wale wa cheti cha ruhusa na mshahara. Mahakama iliwapa daraja la chini kabisa la ufungwa. Lakini walikuwa wametoka jeshini, na hilo ndilo walilolitaka.

Gavana alikuwa Ralph Darling, jenerali, aliyekuwa amefika koloni mwishoni mwa mwaka 1825. Aliposoma habari ile hakuona wizi wa kitambaa. Aliona kikosi kizima kikitazama. Akatoa amri ya kubadilisha adhabu. Badala ya kambi ya adhabu, askari hao wangefanya kazi ngumu barabarani kwa miaka 7 wakiwa katika minyororo, na miaka hiyo ikiisha wangerudishwa kikosini. Mlango waliodhani wameufungua ukafungwa tena mbele yao, na nyuma yake wakawekewa miaka 7 ya kuvunja mawe.

Tarehe 22 Novemba askari wote wa mji walipangwa katika uwanja wa kambi. Wafungwa wawili wakaletwa katikati. Amri ikasomwa. Wakavuliwa sare mbele ya wenzao, wakavikwa nguo za njano za wafungwa. Kisha zikaletwa pingu zilizotengenezwa kwa ajili yao. Ilikuwa pete ya chuma ya shingoni yenye miiba miwili mirefu iliyochomoza, na kutoka kwenye pete hiyo minyororo ilishuka mpaka kwenye pingu za miguuni. Kwa vipimo vya serikali yenyewe seti moja ilikuwa na uzito wa kilo 6 na kitu. Wapinzani walisema ilikuwa mizito zaidi ya hapo. Uzito haukuwa taabu peke yake, maana minyororo ilikuwa mifupi, na Askari wa Pili alieleza baadaye kwamba mtu hakuweza kujinyoosha akiwa ameivaa. Ngoma zikapigwa kwa mdundo ambao jeshi la Kiingereza liliutumia kumfukuzia mtu wa aibu, na wawili hao wakatembezwa kutoka uwanjani mpaka jela.

Askari wa Kwanza alikuwa mgonjwa kabla ya siku hiyo. Mwili wake ulikuwa umevimba. Shingo na miguu iliyovimba ikafungwa chuma kilichopimwa bila kujali hali hiyo. Jela walimvua baadaye, akapelekwa hospitali. Tarehe 27 Novemba, siku tano baada ya gwaride, alifariki dunia.

Askari wa Pili alipelekwa kwenye genge la wafungwa waliofungwa minyororo, waliokuwa wakichimba barabara ya kupanda Milima ya Buluu magharibi mwa Sydney. Alifanya kazi katika jua la kiangazi akiwa na chuma shingoni. Baadaye alihamishiwa kwenye Phoenix, meli kuukuu iliyotiwa nanga bandarini ikawa gereza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa askari wenyewe, na ninawaomba wanafunzi wasiupuuze. Ni rahisi kuwaona kama wajinga. Walikuwa na habari sahihi juu ya nusu ya jambo: ni kweli mfungwa wa kawaida mjini aliweza kuishi vizuri kuliko askari. Nusu ya pili hawakuijua, kwamba mwizi aliyehukumiwa Uingereza akaletwa koloni hakuwa sawa na mwizi aliyehukumiwa ndani ya koloni. Wa pili alihesabiwa kama mtu aliyekwisha kupewa nafasi akaitupa, ingawa wao hawakuwa wamepewa nafasi yoyote. Waliamua kwa kutazama maisha ya wengine kwa mbali, kama mtu anayehama kijiji kwa sababu ya moshi wa majiko ya ng'ambo.

Uamuzi wa mahakama ulikuwa wa kawaida. Mahakama iliona wizi, ikahukumu wizi. Haikuulizwa kwa nini, wala haikuwa na njia ya kisheria ya kulijibu swali hilo.

Uamuzi wa gavana ndio moyo wa kisa hiki. Sababu zake alizieleza katika barua zake kwenda London, na tukizisoma bila hasira zina mantiki. Koloni lenye wafungwa wengi kiasi kile lilitegemea askari wachache. Askari wakiona kwamba wizi ni mlango wa kutokea, kesho wataiba kumi, keshokutwa mia. Adhabu ya kawaida isingewazuia, kwa kuwa adhabu ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Ilibidi ipatikane adhabu ambayo askari yeyote akiitazama ataona heri abaki na sare yake. Ndiyo maana ilikuwa lazima ifanyike uwanjani, wote wakiwapo, na ndiyo maana ile pete ya shingoni ilikuwa na umbo la kuonekana kutoka mbali. Ilitengenezwa kwa ajili ya watazamaji.

Wahenga wetu walisema bora lawama kuliko fedheha. Darling alichagua hivyo: heri alaumiwe kwa ukali kuliko aonekane gavana aliyepoteza jeshi lake kwa yadi 12 za kitambaa. Vyote viwili vilimpata.

Kuna uamuzi wa nne, ambao haukuandikwa popote kwa sababu ulikuwa ukimya. Baina ya gavana aliyetoa amri na fundi aliyefunga chuma palikuwa na maofisa, walinzi wa jela na madaktari. Askari wa Kwanza alikuwa mgonjwa mikononi mwao. Gavana alisema baadaye kwamba hakuambiwa. Nami naona inawezekana kabisa kuwa alisema kweli, na ukweli huo haumwondolei mzigo. Ukishatengeneza mfumo ambao amri yako haihojiwi, hutaletewa habari itakayoichelewesha.

Matokeo

Sydney ilikuwa na magazeti mawili ambayo hayakumwogopa gavana. The Australian lilianzishwa mwaka 1824 na mawakili wawili, William Charles Wentworth na Robert Wardell, bila hata kuomba kibali. The Monitor lilikuwa la Edward Smith Hall, nalo lilianza mwaka huohuo wa 1826. Yote mawili yakauliza maswali ambayo serikali haikutaka kuyajibu: nani alimruhusu gavana kubadilisha hukumu ya mahakama, na vyombo vile vya chuma vimo katika sheria gani?

Jibu la gavana likawa kuyafunga midomo. Mwaka 1827 alileta miswada miwili, mmoja wa kuwalazimisha wahariri wawe na leseni ambayo serikali ingeweza kuinyang'anya, mwingine wa ushuru wa peni 4 kwa kila nakala ya gazeti. Sheria ya koloni ya mwaka 1823 ilitaka Jaji Mkuu athibitishe kwamba muswada haupingani na sheria za Uingereza. Jaji Mkuu Francis Forbes akakataa kuuthibitisha ule wa leseni, na ule wa ushuru nao ukakwama. Yadi 12 za kaliko zikawa zimewapambanisha gavana na mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Hall alishtakiwa mara kwa mara kwa makala zake, akafungwa, akaendelea kuhariri gazeti lake akiwa kifungoni. Mwaka 1829 Wentworth aliiandikia serikali ya London mashtaka marefu dhidi ya gavana, na kifo cha Askari wa Kwanza kikiwa katikati yake. Darling alipoondoka mwaka 1831, Wentworth alifungua uwanja wa jumba lake la Vaucluse, akachoma ng'ombe mzima, na maelfu ya watu wa Sydney wakaenda kula, kunywa na kushangilia kuondoka kwake.

Mwaka 1835 kamati ya Bunge la Uingereza ilichunguza jambo hili, ikamsafisha Darling, na mwaka huohuo Mfalme akampa heshima ya kuitwa “Sir”. Familia ya askari aliyekufa haikupewa heshima ya aina yoyote.

Uchambuzi

Nianze na lililofanikiwa, maana lipo. Gavana alisoma sababu ya wizi kwa usahihi kuliko mahakama. Katika kesi nyingi za wizi mdogo za karne ile, hakuna aliyeuliza kwa nini. Darling aliuliza, akapata jibu la kweli: watu hawa hawakutaka kitambaa, walitaka kutoka. Pia alikuwa sahihi kwamba adhabu ambayo mkosaji anaitamani haiwezi kumzuia mkosaji mwingine.

Kosa lake lilianzia baada ya hapo. Sababu ya wizi ilikuwa hali ya askari: mshahara, viboko, mkataba usiokwisha, hofu ya India. Hiyo ilikuwa inamwelekeza gavana kwenye kambi, yaani atazame askari wanakula nini, wanalala wapi, wanalipwaje, na wanaondokaje kwa heshima muda wao ukifika. Sehemu kubwa ya hayo ilikuwa mikononi mwa London, naikubali hoja hiyo. Lakini gavana huyu aliiandikia London barua nyingi mno katika maisha yake ya kazi. Alikuwa na kalamu ya kuomba. Akaitumia kuandika amri ya pete ya chuma. Aliona kwamba maisha ya mfungwa yamekuwa bora kuliko ya askari, na katika njia mbili zilizokuwapo, ya kumwinua askari na ya kumdidimiza mfungwa, alichukua ya pili kwa sababu ilikuwa ndani ya uwezo wake asubuhi ileile.

Jambo la mamlaka nalichukulia kwa uzito zaidi hata ya ukatili. Kiongozi kuwa na uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu ni desturi ya kale, na magavana wa makoloni walikuwa nao. Kuondoa adhabu moja ya mahakama na kuweka nyingine ya kubuni ni kitu tofauti. Mahakama ilisema kambi ya adhabu, gavana akasema barabara. Mahakama haikusema lolote juu ya kurudi jeshini, gavana akaongeza. Mahakama haikutaja chuma shingoni, gavana akakitengenezesha. Watetezi wake walisema kazi ya barabarani ilikuwa nafuu kuliko kambi za mbali, kwa hiyo alipunguza. Wanafunzi wangu huwa wanabishana sana hapa, na huwaacha wabishane, ila msimamo wangu sifichi. Adhabu iliyotengenezwa makusudi ili itishe kuliko ile ya awali haiwezi kuitwa nafuu. Huwezi kusema kwa mdomo mmoja kwamba umeikaza ili iogopwe na kwamba umeilegeza kwa huruma.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana juu ya pete ya shingoni. Picha za wafungwa wa enzi ya Mjerumani, waliounganishwa kwa mnyororo wa shingo wakifanya kazi barabarani, bado zimo katika vitabu vyetu vya shule. Watawala walikuwa wengine na nchi nyingine, na miongo mingi ilikuwa imepita. Ninazitaja kwa sababu moja tu: shingo huchaguliwa pale mtawala anapotaka mtu aonekane amefungwa. Ukitaka asikimbie, pingu za miguu zinatosha.

Je, ukali ulizuia wizi? Kwa askari waliosimama uwanjani siku ile siwezi kupima kilichopita mioyoni mwao. Kwa mji wenyewe kuna kipimo. Septemba 1828, miaka miwili kasoro miezi miwili hivi baada ya gwaride lile, chini ya gavana yuleyule, wezi walichimba kutokea kwenye mtaro wa maji chini ya barabara ya George Street, wakatoboa ukuta wa chumba cha hazina cha Benki ya Australia, iliyokuwa benki ya matajiri wakubwa wa koloni. Waliondoka na noti na sarafu za zaidi ya pauni 12,000. Wengine wao walikuwa wafungwa wa zamani, watu waliokwisha kuyaona yote ambayo mfumo ule ulikuwa nayo ya kuwatisha.

Wizi huo haukufumbuliwa kwa hofu. Wahusika walikaa kimya kwa muda mrefu, na mji ukabaki unanunua na kuuza kwa noti zilizoibwa. Ulifumbuliwa pale mmoja wao, aliyekuwa amepelekwa kisiwa cha Norfolk, mojawapo ya kambi za adhabu, kwa kosa jingine, alipokubali kusema kwa ahadi ya uhuru na safari ya kurudi Uingereza. Serikali iliyoamini chuma ikalazimika kununua ukweli kwa msamaha. Mwaka 1831 wenzake wakahukumiwa kwa ushahidi wake, na hawakunyongwa. Yeye mwenyewe, kabla hajapanda meli ya kwenda kwao, aliiba tena, akarudishwa kifungoni. Ninasimulia kipande hiki kwa masikitiko, si kwa kumcheka. Mtu aliyeishi nusu ya maisha yake katika mfumo ule hakuwa na kitu kingine alichofundishwa nao.

Ukiviweka visa viwili hivi pamoja, unaona jinsi neno wizi lilivyobeba mambo yasiyofanana. Benki ilivunjwa na watu waliotaka fedha, waliopanga, waliochimba, walioogopa kukamatwa. Kaliko ilichukuliwa na watu waliotaka kukamatwa. Sheria iliwaweka wote katika kapu moja la mali ya mtu kuchukuliwa bila idhini yake. Aliyekufa akiwa na alama za chuma mwilini alikuwa mmoja wa wale wa kaliko.

Kuhusu magazeti, wanafunzi hupenda kuwaona Wentworth na Hall kama mashujaa, na kwa kiasi kikubwa nakubaliana nao. Bila wao kifo kile kingekuwa mstari mmoja katika daftari la hospitali. Ila tuwe waangalifu. Wentworth alikuwa na ugomvi wake na serikali, na jina la Askari wa Kwanza lilimfaa. Maelezo ya uzito wa minyororo yaliongezeka kadiri ugomvi ulivyopamba moto. Mtu akitumia kifo cha mwingine katika siasa anaweza kuwa anasema kweli, na bado akawa anakitumia. Ninapowapa wanafunzi maandishi ya pande zote mbili, huwaomba watafute mahali ambapo mojawapo linamzungumzia marehemu kama mtu, si kama hoja. Si mahali pengi.

Kuna mmoja ambaye simulizi yote inamsahau baada ya mstari wa kwanza, naye ni mwenye duka. Aliibiwa mchana mbele ya macho yake na watu wenye sare ya serikali iliyopaswa kumlinda. Mahakama ilimsikiliza, kisha akatoweka. Ugomvi uliofuata ulikuwa wa gavana na wahariri, wa wahariri na mahakama, wa koloni na London. Miaka tisa watu wazito walijadili kosa lililofanyika kwenye kaunta yake. Ninapofika mwisho wa kipindi huwagawa wanafunzi mafungu manne: askari, gavana, daktari wa jela na mwenye duka. Kila fungu linaandika barua moja ya tarehe 28 Novemba 1826, siku moja baada ya kifo. Fungu la mwenye duka ndilo huchukua muda mrefu zaidi kuanza, kwa sababu kwanza huketi na kuulizana kama aliwahi kutaka mtu yeyote afe kwa ajili ya yadi 12 za kitambaa.